Kabla ya Kununua Mbegu au Mashine Mpya ya Shamba

Mkulima wa Ole naye ni mtumiaji. Anaponunua vipando vya muhogo, mbegu ya mpunga, dawa ya wadudu au trekta dogo la mkono, ananunua bidhaa kama anunuavyo sukari dukani, na ana haki zilezile. Tofauti ipo katika muda. Redio mbovu hujulikana siku ileile inapowashwa. Kipando kibovu hujulikana baada ya miezi tisa au zaidi, siku jembe linapofukua muhogo ambao nyumba nzima ilikuwa ikiutegemea. Wakati huo fedha za karafuu zimeshatumika, na msimu haurudi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa upande wa mbegu usemi huu hautoshi, kwani kibaya huweza kupendeza machoni. Mfano ulio karibu nasi ni muhogo wenyewe. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 kutoka kituo cha Amani katika milima ya Usambara, huenezwa na nzi weupe na pia kwa vipando vyenye maradhi. Shamba lililoambukizwa laweza kuonekana limestawi, majani ya juu yakiwa ya kijani, ilhali chini ya ardhi mizizi imeingia madoa makavu ya kahawia, haifai kuliwa wala kuuzwa.

Kwa sababu ya madhara hayo, watafiti wa Zanzibar wakishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA) walitoa mwaka 2007 aina nne za muhogo: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Hiyo nayo ni teknolojia mpya, ingawa haina injini wala waya. Lakini jina la aina njema si dhamana ya mzigo wa vipando ulioletwa mlangoni. Aina inayovumilia ugonjwa si aina isiyoambukizwa kabisa, na jina kila mtu aweza kulitaja. Basi mnunuzi na aulize vipando vimetoka shamba gani, aende akalione kabla havijakatwa, aombe yang'olewe mashina matatu au manne pande mbalimbali za shamba, na mizizi ipasuliwe mbele yake. Ikibidi ailipie mihogo hiyo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mwaka mzima. Muuzaji akikataa, biashara na iishie hapo.

Siku hizi ipo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani pamoja na IITA na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Mkulima huelekeza kamera kwenye jani, na programu humweleza kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti, iwapo zaonekana dalili za batobato au za michirizi ya kahawia. Ni msaada mzuri. Hata hivyo kamera huona jani tu, haifukui mizizi.

Kwa mashine, bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Trekta dogo linalofanya kazi vizuri katika mashamba mapana ya mpunga huko Mbarali laweza kukwama katika bonde jembamba la Pemba lenye tope zito. Uliza kama vipuri vinapatikana Chake Chake au husubiriwa kwa meli kutoka Unguja na Dar es Salaam, na fundi ni nani. Mbegu chotara nazo huweza kuzaa sana, lakini punje utakazohifadhi hazitazaa sawasawa na mama yao. Kila msimu utanunua upya. Si kasoro hiyo, ila muuzaji hapendi kuitaja. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda usiinunue kwa bei yoyote.

Hata serikali huweza kuvutwa na kitu kipya. Indonesia iliwahimiza wakulima wa mpunga watumie dawa kwa wingi. Dawa zikaua wadudu rafiki, na wadudu waharibifu wakazidi. Mwaka 1986 ilipiga marufuku dawa 57 katika mashamba ya mpunga, na mwaka 1989 yakaanza huko mashamba darasa, ambamo wakulima hulinganisha kipande cha njia ya zamani na kipande cha njia mpya, wakahesabu wadudu na mavuno wao wenyewe. Mtindo huo umefika hadi Unguja na Pemba.

Wala si lazima kungoja mradi. Panda mistari michache ya mbegu mpya kando ya ile uliyoizoea, siku moja, katika udongo uleule na kwa palizi ileile, kisha pima mavuno kwa kipimo kimoja. Kilichofaa kilimani kijaribiwe tena bondeni. Upike pia, kwani mchele mwingi usiopendwa sokoni ni mzigo. Mkopo usichukuliwe kabla ya jaribio hilo. Mkopo hudaiwa hata mvua za masika zikikosekana.

Sheria ya Zanzibar ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, Namba 5 ya mwaka 2018, haimruhusu mfanyabiashara kupotosha watu juu ya bidhaa yake. Dai risiti inayotaja aina, kiasi na tarehe, uhifadhi pakiti pamoja na lebo yake, na ubakishe punje chache za mbegu uliyopanda. Mazao yakienda kinyume na ulivyoahidiwa, mwite bwana shamba au bibi shamba wa eneo lako, kisha upeleke malalamiko. Usiing'oe mimea yote kwa hasira: acha mistari kadhaa imesimama mpaka ikaguliwe, maana ndiyo ushahidi wako.