Mapenzi na Utengano katika Riwaya ya Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Riwaya ya mapenzi yenye msingi wa kihistoria huwatenganisha wapendanao ili kupima uthabiti wao. Katika ngano za kale, utengano huletwa na mzazi mkaidi, na hasidi au na safari ya mbali. Katika riwaya ya mitaa ya mashariki ya Nairobi chanzo ni kingine: ni sheria ya mji na upungufu wa vyumba.

Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa kibarua wa kupita, ambaye kwao ni mashambani. Kwa hiyo mabweni ya Kariokor yalijengwa kwa ajili ya wanaume peke yao. Mpangaji alipata nafasi ya kitanda, hakupata nyumba. Huko Pumwani, mtaa ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920, mume na mke waliweza kupanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili. Hata hivyo, wakati wa Hali ya Hatari, msako ulioanza tarehe 24 Aprili 1954 uliwatupa kizuizini watu zaidi ya 20,000, na wake na watoto wengi wakarudishwa mashambani.

Mfano bora wa riwaya hiyo ni Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotolewa mwaka 1986. Paulina, msichana wa miaka 16, anawasili Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe Martin, aliyepanga chumba Pumwani. Mimba inaharibika, akitoka hospitali anapotea njia, na anaporudi anapigwa na mume aliyejaa shaka. Hatimaye wanaishi mbalimbali kwa miaka mingi. Martin anakaa na wanawake wengine. Paulina anazaa na mwanamume mwingine, na mtoto huyo anauawa kwa risasi katika ghasia za Kisumu za mwaka 1969. Riwaya inapokoma mwaka 1978, wawili hao wamerudiana, naye Paulina ana mimba.

Yafaa kulinganisha. Katika A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Gikonyo anatoka kizuizini na kumkuta mkewe Mumbi ana mtoto wa Karanja. Katika Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi, mapenzi ya Yasmin na Denge yanaandamwa na dola ya kikoloni huko Unguja. Katika riwaya zote hizo, serikali ndiyo inayoingia kati ya wapendanao.

Hapa pana hatari ambayo mhakiki hana budi kuitazama. Msemo kwamba subira huvuta heri hutumiwa mara nyingi kumtwisha mwanamke mzigo wote wa kungoja, huku mume akisamehewa kila kosa. Macgoye hafuati njia hiyo. Wakati wa utengano Paulina anajifunza kazi, anapata mshahara wake, na anaujua mji uliompoteza. Martin anayemrudia hakuti tena yule msichana aliyempiga. Kwa hiyo kudumu kwa mapenzi yao hakutokani na kungoja. Kunatokana na kubadilika kwa anayengojwa na anayengoja, kila mmoja akiwa amelipa gharama ya historia ambayo hakuichagua.