Sura ya Tatu: Reli Ilitangulia Mshahara

Wabelgiji walipoanza kupima viwanja vya mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kando ya mto Lubumbashi, shida yao ya kwanza haikuwa shaba. Shaba ilikuwapo tele: mgodi wa Étoile ulikuwa jirani, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa mbioni kujenga tanuru lililoanza kuyeyusha mwaka 1911. Kilichokosekana ni watu. Kusini mwa Katanga ni nchi ya miombo, na wakati huo wakazi wake walikuwa wachache. Hao wachache walikuwa na mashamba yao, mawindo yao na samaki wao wa Luapula, na hawakuona faida ya kwenda kumvunjia mgeni mawe. Ndipo mwaka huohuo wa 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha vibarua. Machifu wakabanwa watoe vijana. Kodi ikadaiwa kwa fedha taslimu, ili mwenye mtama na kuku alazimike kutafuta faranga. Hata hivyo wengi walitoroka njiani, na wengine walitoroka kambini baada ya kuona wenzao wakifa kwa nimonia na kuhara damu. Mafua ya mwaka 1918 yakazidisha hofu.

Ninaanza na miaka hiyo kwa sababu inavuruga jibu ambalo sote tunalo mdomoni: kwamba watu huacha vijiji kwa kuwa mjini kuna kazi. Hapa kazi ilikuwapo, mshahara ulikuwapo, na watu hawakuja. Miaka themanini baadaye, kama tutakavyoona, mambo yaligeuka: mshahara ulikatika na watu wakaendelea kuja. Mji ambao historia yake inaanza kwa kazi bila watu na kufikia watu bila kazi unatudai maelezo mengine. Hoja ya sura hii ni kwamba mtu hahami kwa sababu tu kule kuna pesa zaidi kuliko huku. Anahama pale panapokuwa na njia ya kumfikisha na mtu wa kumpokea, na pale jamaa zake wanapoona kwamba kuwa na mguu mmoja mjini ni salama kuliko kusimama wote shambani. Mshahara huongeza kasi ya mwendo huo. Peke yake hauuanzishi, na ukiondoka hauuzimi.

Tazama walikotoka wafanyakazi wa mwanzo. Reli iliyoingia Élisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, kupitia Rhodesia. Haikutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, wala pwani ya Kongo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wafanyakazi wa miaka ya mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ingawa mpaka wa makoloni mawili uliwatenga na mgodi, ilhali raia wa koloni lilelile la Wabelgiji, wa Lomami na Kasai, walikuwa bado mbali kwa miguu. Mwaka 1918 reli ikafika Bukama. Mwaka 1928 ikakamilika hadi bandari ya Ilebo, ikikata nchi ya Kasai katikati. Katika miaka hiyohiyo ramani ya wahamiaji ikabadilika: Waluba wa Kasai na watu wa Lomami wakazidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ikaacha kuchukua watu wa Rhodesia. Umaskini wa Kasai haukuongezeka ghafla mwaka 1928, wala mshahara wa Katanga haukuwa siri kabla ya hapo. Kilichoongezeka ni reli.

Mwanajiografia Ravenstein, aliyechambua sensa za Uingereza na kuchapisha kanuni zake mwaka 1885, aliona kwamba wahamiaji wengi huenda karibu, hatua kwa hatua: wa kijijini huingia mji mdogo, wa mji mdogo huingia mji mkubwa. Ukiichukua ramani ya Kongo na rula utasema Lubumbashi imempinga, maana kutoka Kananga hadi huko ni mamia ya kilomita. Lakini aliyeko safarini hapimi kwa rula. Anahesabu siku za njiani, nauli, na nyumba atakazolala. Kwa kipimo hicho kijiji cha Kasai kilicho jirani na stesheni kiko karibu na Lubumbashi kuliko kijiji cha Mitwaba, ndani ya Katanga yenyewe, ambacho mvua zikinyesha lori halipiti.

Njia peke yake haitoshi. Lazima kuwe na watu upande wa pili. Hawa waliletwa na hesabu za kampuni, bila kukusudia. Kila kibarua aliyekufa au kutoroka aligharimu mwingine wa kumfuata mbali, kumsafirisha na kumfunza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ikaona ni nafuu kumfunga mtu kwa mkataba wa miaka mitatu, aje na mke, apewe nyumba, posho na zahanati, na watoto wake wasomeshwe na wamisionari. Lengo lilikuwa kupata wafanyakazi watulivu. Kilichopatikana ni mji. Mtoto aliyezaliwa kambini alikijua kijiji cha baba yake kwa jina tu, lakini binamu zake wa kijijini waliijua kambi, na nyumba, na jina la kumwulizia mtu langoni. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika mwanzoni mwa miaka ya 1930, kampuni ikapunguza watu wake kwa zaidi ya nusu na wengi wakarudishwa makwao. Bei ya shaba ilipopanda tena, mawakala wa kuandikisha hawakuwa na kazi kubwa kama ile ya 1910. Waliorudishwa walikuwa wameshasimulia habari za mji, na njia ilikuwa ikijulikana.

Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe. Ni hati adimu, kwa sababu wanaoeleza uhamaji kwa kawaida ni maofisa na wanauchumi. Ndani yake mji si takwimu za tani za shaba. Ni habari za mabwana na watumishi wao, nani alimfuata nani, na alitendewaje.

Wanauchumi nao wana neno lao. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro, wakiitazama zaidi Afrika Mashariki, na Kenya hasa, walitaka kueleza kwa nini watu wanamiminika Nairobi wakati vijana wasio na ajira tayari wamejaa huko. Jibu lao lilikuwa la busara: mhamiaji hatazami mshahara wa leo, anatazama mshahara unaotarajiwa, yaani kiasi cha mshahara mara bahati ya kuupata. Kama mshahara wa mjini ni mara nne ya pato la shamba, hata bahati ya mmoja kwa watatu inatosha kumfanya mtu afunge mzigo. Kwa Nairobi ya miaka ya 1960 hesabu hiyo inakaa vizuri. Lubumbashi ya miaka ya 1990 inaikaba koo. Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967, lilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, mwaka uliofuata ukaja uporaji, na kufikia katikati ya muongo uzalishaji ulikuwa chini ya sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Waliobaki kazini walikaa miezi bila mshahara. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, fedha zikitoka Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza jinsi familia za wafanyakazi zilivyoona kuanguka kwa kampuni: kama kutelekezwa na baba. Kwa hesabu ya Harris na Todaro, mji ungepaswa kupungua. Sensa ya mwisho ya Kongo, ya mwaka 1984, iliikuta Lubumbashi na watu zaidi ya nusu milioni. Makadirio ya leo yanazidi milioni mbili.

Msomaji makini atasema: hao ni watoto waliozaliwa mjini, si wahamiaji. Ana haki kwa sehemu kubwa. Katika miji mingi ya Afrika uzazi unachangia ongezeko la watu kuliko inavyodhaniwa, na anayesoma kila kibanda kipya cha wilaya ya Annexe kama ushahidi wa mtu aliyekimbia shamba anakosea. Lakini uzazi hauelezi kwa nini waliopoteza mshahara hawakuondoka, wala kwa nini lugha za Kasai, za Tanganyika ya Kongo na za Lomami ziliendelea kusikika katika mitaa mipya ya pembezoni. Ipo hata hoja ya kinyume yenye uchungu. Mwaka 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wengine wakingoja treni kwa wiki nyingi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi. Huo ulikuwa uhamaji wa nguvu, na kuna watakaosema unaonyesha kwamba siasa ndiyo inayohamisha watu, na njia ni kitu kidogo. Siasa iliwatoa, sawa. Lakini angalia walikoangukia: wengi waliishia Mbuji-Mayi, Kananga na Mwene-Ditu, kwenye miji ya reli au ya almasi, hawakuishia mashambani kwa mababu. Aliyezaliwa katika nyumba ya kampuni hana jembe wala mwenyeji anayemkumbuka kijijini.

Basi wanaoendelea kuingia wanatafuta nini? Tumwangalie mchomaji makala, yaani makaa, wa kando ya barabara ya Kasenga. Anakata miombo, anaifukia kwenye tanuru la udongo, anafunga magunia matatu au manne juu ya baiskeli hadi magurudumu yanapinda, na anasukuma siku nzima, usiku akilala kando ya njia. Akifika soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, anagundua kwamba gunia aliloliuza kijijini mwezi uliopita linapata bei maradufu au zaidi hapa, na kwamba tofauti yote ilikuwa inakwenda kwa mwenye lori. Mahindi yake yana hadithi ileile. Mji huu unakula bukari, yaani ugali, ya unga uliotoka Zambia kwa sehemu kubwa, na Zambia ikifunga usafirishaji, mfuko wa kilo 25 unapanda bei kwa siku chache; ilhali mkulima aliye umbali wa kilomita mia mbili anaona mahindi yake yakiliwa na wadudu kwa kukosa gari. Anayejua bei za pande zote mbili haoni kijiji na mji kama dunia mbili. Anaona soko moja ambalo upande mmoja unanyonywa. Mtoto wake mmoja akikaa mjini, auze makala yanayoletwa na ndugu zake, familia nzima imepanda ngazi bila mtu yeyote kuajiriwa. Oded Stark na David Bloom waliandika mwaka 1985 kwamba anayeamua kuhama ni kaya, si mtu mmoja, na kwamba kaya hutafuta pia kupunguza hatari, si kuongeza kipato tu. Katanga inawaunga mkono.

Pingamizi zito kuliko yote liko umbali wa kilomita tisini tu, ng'ambo ya mji wa mpakani wa Kasumbalesa. Zambia nayo ilidorora kwa shaba, na huko watu walirudi. Sensa zake zinaonyesha waliokaa mijini walikuwa takriban asilimia 40 mwaka 1980 na takriban 35 mwaka 2000, na miji ya shaba ndiyo iliyoumia zaidi. Ukanda uleule, madini yaleyale, lakini matokeo tofauti. Kama mshahara hauna nguvu, kwa nini walirudi? Nakubali kwamba una nguvu. Nilichokataa ni kwamba unatosha. Mzambia aliyefutwa kazi Kitwe alikuwa na basi la kumpeleka, kijiji chenye amani na chifu wa kumkatia shamba. Jirani yake wa Lubumbashi alikuwa na reli iliyochakaa na, kuanzia 1998, vita. Mji wa Pweto ulianguka mwishoni mwa mwaka 2000 na maelfu wakavukia Zambia. Baada ya vita, eneo la Mitwaba, Manono na Pweto likapewa jina la pembetatu ya mauti kwa sababu ya wapiganaji wa Mai-Mai walioongozwa na Gédéon. Njia iliyofungwa haimzuii mtu kuja tu. Inamzuia pia kurudi. Kwa hiyo aliyekosa mshahara wa Gécamines alilima mahindi ndani ya lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake, na pembezoni mwa mji, mke akafungua meza ya biashara, na kijiji kikabaki jina.

Wako wanaosema vijana wanapumbazwa na taa na muziki, warudishwe kwa nguvu. Hilo limejaribiwa. Wabelgiji walimdai Mkongo kibali cha kukaa mjini na kuwatoza kodi wanawake waliokaa peke yao. Hata hivyo mitaa ya Kamalondo na Kenya ya Lubumbashi ilijaa, ikabidi mingine, Katuba na Ruashi, ifunguliwe katika miaka ya 1950. Tanzania ilipitisha sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983 na kuwasomba wasio na kazi wa Dar es Salaam kwenda vijijini. Wengi walirudi kwa mabasi.

Mawaziri hupenda hoja ya upole zaidi: tengeneza barabara, wanakijiji watatulia. Hapa hoja yangu inageuka dhidi ya matumaini yetu. Barabara nzuri hupandisha bei ya mahindi kijijini, lakini pia hupunguza nauli, na matunda ya kwanza huwa ni vijana kuondoka. Reli ya 1928 haikumtuliza Mkasai shambani kwake. Baadaye, kama mazao yanalipa, baadhi hurudi, na wengi zaidi hukaa wakienda na kurudi, nusu mwaka huku na nusu kule, bila kuhesabiwa vizuri popote. Wanaofika leo kutoka Kasai, hasa tangu machafuko ya Kamwina Nsapu ya 2016 na 2017, wanafuata njia za waliotangulia, pengine ndugu wa walewale waliofukuzwa mwaka 1992. Wengine hawakai: wanapita kwenda Kolwezi, ambako kobalti inachimbwa zaidi kwa mashine kubwa zinazohitaji mikono michache. Huko pia mshahara ni wa wachache. Lakini njia ipo, na kuna mtu wa kuwafungulia mlango.