Kobe mutoto anapitisha vipi wakati wa baridi

Kuanzia mwezi wa tano mvua inakatika kwetu. Mwezi wa sita na wa saba, usiku baridi inakuwa kali. Hapa Kasomeno, njia ya Kasenga, dembo zinakauka na watu wanachimba udongo wa matofali. Hapo njo jembe linatoa kobe mudogo mu matope. Watu wanasema: amekufa. Hapana, iko muzima.

Wabemba wanamuita fulwe. Yule wa mu maji, kiziba kikikauka, anajizika mu matope, anafunga gamba la mbele sawa mulango, anangojea mvua. Mwili wake hautengenezi joto. Baridi ikishuka, naye anapoa, moyo unapiga pole pole, na mafuta ya mwili yanatosha miezi. Ni sawa mufanyakazi mwenye mushahara wake umechelewa: haongezi kitu, anapunguza matumizi.

Lakini kwa mutoto ni nguvu zaidi. Mwili mudogo unakauka mbio kuliko mukubwa.

Kule Kanada na Marekani kuko kobe mwenye mistari ya njano na nyekundu. Watoto wake wengi wanatoka mu mayai mbele ya baridi, lakini wanabaki mu shimo mupaka baridi iishe. Mwili wao unaweza kushuka mupaka digri 10 chini ya sifuri bila kuganda, kama barafu ya inje haipenye ngozi. Udongo mukavu unawalinda na barafu ile. Lakini udongo ule ule unawanyonya maji. Ukilowana, barafu inaua. Ukikauka sana, kiu inaua.

Kwetu adui mukubwa ni kiu. Kobe wengi wanachunga maji mu kibofu. Mutoto wako akimunyanyua, kobe anaogopa, anakojoa. Akiba ya miezi imemwagika mara moja, na mvua bado iko mbali.

Basi ba baba na ba mama, jembe likimutoa, musimupeleke nyumbani kwa muchezo. Mumushike pole pole, mumurudishe karibu mu matope mabichi, pa kivuli, mumufunike. Na mbele ya kuwasha moto mu majani, muangalie chini: kobe wa pori hawezi kukimbia.

Mvua ya kwanza ikinyesha, atatoka mwenyewe.