Toba si maneno matupu: Funzo kutoka hori la nyangumi

Kama unajiandaa kwenda ibadani, soma haya wakati chai inapoa. Kama umekwisha kurudi, keti, vua viatu, tuzungumze kidogo.

Leo nataka nikupeleke mbali na kwetu, hadi pwani ya magharibi ya Meksiko, kwenye rasi ndefu na kame inayoitwa Baja California. Huko jangwa linakutana na Bahari ya Pasifiki. Mahali fulani fulani bahari imeingiza mikono yake nchi kavu na kufanya mahori yenye maji ya chumvi, yaliyotulia na yasiyo na kina kirefu. Mawili kati ya hayo yanaitwa Ojo de Liebre na San Ignacio. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Desemba, nyangumi wa kijivu huingia humo kuzaa.

Neno hili "hori" wewe umelizoea kanisani. Kila Krismasi tunasoma katika Luka kwamba Mariamu alimlaza mtoto wake katika hori ya kulia ng'ombe. Watu wa pwani wanalo hori jingine, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Ni maneno mawili yanayofanana sauti tu, lakini yalinifanya nitafakari. Katika majira yale yale tunapoimba habari za mama aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, kuna mama mwingine, mwenye urefu wa mita 14 hivi na uzito wa tani zaidi ya 30, anayetafuta mahali salama pa kujifungua.

Safari yake si ndogo. Ametoka katika bahari za baridi za kaskazini, kando ya Alaska na Urusi, ambako majira ya joto alikula wadudu wadogo wa baharini waliojificha kwenye tope. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 16,000. Amebeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Akiwa horini hali kitu cha maana. Anaishi kwa akiba ya mafuta aliyoiweka mwilini. Kwa akiba hiyo hiyo anamnyonyesha mtoto ambaye amezaliwa akiwa na urefu wa mita nne na nusu hivi, kwa maziwa ambayo nusu yake ni mafuta. Mama yeyote anayesoma hapa anaelewa maana ya kumpa mtoto kilichomo mwilini mwako wakati wewe mwenyewe hujala.

Sasa nikueleze kilichotokea katika hori lile.

Majira ya baridi ya mwaka 1857 kuingia 1858, nahodha Mmarekani aliyeitwa Charles Scammon aliongoza meli zake hadi ndani ya Ojo de Liebre. Enzi zile taa za nyumbani ziliwashwa kwa mafuta ya nyangumi, na mafuta hayo yalikuwa fedha. Scammon alikuta mama na watoto wamejaa katika maji yasiyo na pa kukimbilia. Wavuvi wake walipoanza kurusha chusa, mama wale walipigana. Walivunja mashua na kuwajeruhi watu, mpaka mabaharia wakawabandika nyangumi wa kijivu jina la shetani.

Tafakari hilo kidogo, ndugu yangu. Mtu anaingia katika chumba cha uzazi akiwa na silaha, mama anamkinga mwanawe, kisha yule mwenye silaha ndiye anayempa mama jina la shetani. Ni mara ngapi nasi tumemwita mtu mkorofi, mwenye roho mbaya, mwenye kisirani, kwa sababu tu alikataa kunyamaza tulipokuwa tunamuumiza?

Habari za hori zilienea. Meli nyingine zikafuata. Baadhi ya wavuvi walimlenga mtoto kwanza, wakijua mama hatamwacha. Miaka michache tu baadaye mawindo yalikuwa yamepungua kiasi kwamba haikuwa na faida tena kwenda. Mwaka 1874 Scammon alichapisha kitabu kuhusu wanyama wa bahari ile, na humo yeye mwenyewe alijiuliza kama nyangumi huyu hataishia kuhesabiwa miongoni mwa viumbe vilivyotoweka. Hori lile likaja kuitwa na wageni kwa jina lake.

Hakuwa anatia chumvi. Nyangumi wa kijivu wa Bahari ya Atlantiki walikwisha kutoweka kabla ya hapo. Wa Pasifiki waliponea chupuchupu.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame na Biblia mkononi. Unamkumbuka Zakayo, katika Luka sura ya 19. Alipokutana na Yesu hakuishia kusema kwamba anasikitika. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Toba ya Zakayo ilikuwa na tarakimu. Ungeweza kwenda nyumbani kwake wiki iliyofuata ukakagua.

Toba ya wanadamu kwa nyangumi nayo, pale ilipofanyika, ilikuwa ya namna hiyo. Mwaka 1937 mataifa kadhaa yalikubaliana kuzuia uwindaji wa kibiashara wa nyangumi wa kijivu, na mkataba wa mwaka 1946 ukakaza ulinzi huo. Mwaka 1972 Meksiko ikalitangaza hori la Ojo de Liebre kuwa hifadhi, na San Ignacio ikafuata mwaka 1979. Mwaka 1988 eneo zima likawa hifadhi kubwa ya El Vizcaíno, na mwaka 1993 mahori hayo yakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nyangumi wakaongezeka polepole. Mwaka 1994 Marekani iliwaondoa nyangumi wa upande ule wa Pasifiki katika orodha yake ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Lakini kuna tukio moja lisilo la kiserikali ambalo ndilo lililonigusa zaidi. Mwaka ule ule wa 1972, mvuvi wa San Ignacio aliyeitwa Francisco Mayoral, maarufu kwa jina la Pachico, alikuwa kwenye mashua yake ndogo na mwenzake. Wavuvi wa pale waliwaogopa nyangumi. Wakimwona karibu, hugonga ubavu wa mashua ili aende zake. Siku hiyo nyangumi alikuja, akapita chini ya mashua, akatokea upande huu, akatokea upande ule, wala hakuondoka. Pachico aliogopa. Mwishowe akanyosha mkono, akamgusa kwa kidole, kisha kwa kiganja. Nyangumi akatulia.

Pachico alifariki dunia mwaka 2013, na watoto wake walirithi kazi aliyoianza ya kuwapeleka wageni kuwaona nyangumi. Leo wageni kutoka nchi nyingi hufika San Ignacio. Mama nyangumi husogea kando ya mashua, na mara nyingine humsukuma mtoto wake juu ya maji, karibu na mikono ya watu. Waliofika huko husimulia kwamba wengi hulia.

Sitakuambia kwamba nyangumi wamesamehe. Msamaha ni tendo la dhamiri, na dhamiri Mungu alitupa sisi. Ninachotaka uone ni upande wetu, yaani jinsi mtu anavyopaswa kujiweka mbele ya yule aliyemuumiza.

Utaratibu wa San Ignacio ni huu. Idadi ya mashua zinazoingia eneo la kuangalia nyangumi kwa wakati mmoja ina kikomo. Ziko sehemu za hori zilizofungwa kabisa, zimeachwa kwa mama na watoto. Nahodha hamfukuzi nyangumi wala hamzibii njia. Anapunguza mwendo, anasubiri. Nyangumi akitaka, atakuja. Asipotaka, wageni watarudi ufukweni wakiwa wamelipa nauli na hawajamgusa yeyote, na hakuna wa kumlalamikia.

Hilo lilinikumbusha kikao kimoja cha familia nilichoalikwa, miaka kadhaa iliyopita. Kaka mkubwa alikuwa ameuza sehemu ya shamba la marehemu baba yao bila kumwambia mdogo wake. Siku hiyo alikuja na wazee wa kanisa, akapiga magoti mbele ya watu wote, akaomba radhi. Mdogo wake akanyamaza. Kaka akasubiri dakika mbili, kisha akasimama akasema kwa hasira, "Mmeshuhudia wote. Mimi nimeomba msamaha. Asiponisamehe sasa, dhambi ni yake."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nami, nakiri, nilikuwa karibu kufungua Mathayo 18 nimsomee yule mdogo habari za kusamehe saba mara sabini. Ndipo shangazi yao, bibi aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, akauliza kwa sauti ndogo, "Na shamba?"

Hakuna aliyejibu. Kikao kiliisha bila sala ya kufunga.

Mpendwa, yule kaka aliingia horini na injini ikiwa inanguruma. Alitaka kumgusa mdogo wake siku ile ile, mbele ya mashahidi, kwa saa aliyoichagua yeye. Na sisi wengine, kwa jina la Yesu, tulikuwa tumejipanga kumzibia mdogo njia ya kutokea. Neno la kusamehe saba mara sabini ni kweli na litabaki kuwa kweli. Lakini Yesu alimpa Petro, mtu aliyekosewa, ili alibebe moyoni mwake. Hakumpa mkosaji awe fimbo ya kumchapia mwenzake.

Nikuambie kilichofuata. Yule kaka alikaa kimya miezi mingi. Kisha akaanza kulipa, kidogo kidogo, kila baada ya mavuno. Anampelekea shangazi, shangazi anampelekea mdogo. Hadi leo mdogo hajatamka neno "nimekusamehe". Lakini Pasaka moja alimtuma mwanawe kwa baba yake mkubwa, na mtoto akaenda amebeba kuku. Wewe na mimi tunajua kuku yule alikuwa anasema nini.

Kuna jambo jingine la mwisho ambalo hori lile linatufundisha, nalo ni kwamba toba haimaliziki. Miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha chumvi katika San Ignacio, ubia wa serikali ya Meksiko na kampuni kubwa ya Japani. Watu wengi walipinga, na Machi 2000 Rais Ernesto Zedillo akaufuta. Yaani hata baada ya kulitangaza hori kuwa hifadhi, ilibidi kulilinda tena.

Na sasa kuna mtihani mgumu zaidi. Mwaka 2016 nyangumi hawa walikadiriwa kufika 27,000 hivi. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2023, wengi walikutwa wamekufa ufukweni, kuanzia Meksiko hadi Alaska, jumla yao 690, na wengi walikuwa wamekonda. Wataalamu walibaini kwamba chakula chao kule kaskazini kimevurugika kwa sababu ya mabadiliko katika bahari za baridi. Mwaka 2025 walikadiriwa kubaki 13,000 hivi. Safari hii chanzo kikuu si chusa. Joto la dunia, ambalo moshi wa shughuli zetu wanadamu unalichochea, limefika mezani kwao kabla yao.

Usidhani hayo ni ya wenzetu tu. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wengine, wale wenye nundu, hutoka bahari ya barafu ya kusini na kupita katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, nao wakija kuzaa. Huko Watamu, Kenya, wageni hupanda boti kwenda kuwaona. Zaburi ya 104 inawataja viumbe wakubwa wa baharini kuwa Mungu aliwaumba wacheze humo. Na kitabu cha Yona, ambacho tunakipenda kwa sababu ya samaki mkubwa, kinamalizika kwa swali la Mungu kuhusu huruma yake kwa watu wa Ninawi, na kwa wanyama wao pia. Yona hajibu. Jibu ameachiwa msomaji.

Kwa hiyo wiki hii nakuomba mambo mawili. Kama wewe ndiye uliyeumizwa, usijilaumu kwa sababu moyo wako bado uko mbali na mashua. Mungu anaona safari uliyosafiri. Mwombe akupe nguvu ya kusogea, kwa wakati ambao yeye mwenyewe atauandaa.

Na kama wewe ndiye uliyeumiza, kabla hujaenda kugonga mlango wa mtu na kudai msamaha, jiulize swali la yule shangazi. Na shamba? Na ile fedha? Na lile jina baya ulilompa mwenzako, umekwisha kwenda kulifuta kwa wale uliowaambia? Anza na hayo. Kisha zima injini, nyosha mkono, usubiri.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetusubiri sisi tulipokuwa mbali, tufundishe kurudisha tulichochukua, na kuwasubiri wenzetu kama ulivyotusubiri. Amina.

Nakutakia Jumapili yenye baraka.