Kuchua Viungo ni Kazi, Lakini si Kila Maumivu Huchuliwa

Mwezi uliopita msichana mmoja alikuja zahanati. Hakuwa mgonjwa. Alikaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote walipokwisha. Kisha aliingia, akanisalimu, akasema:

"Daktari, nina swali. Bibi yangu ni mchuaji. Nimemaliza kidato cha nne, na nataka kuchua iwe kazi ya maisha yangu. Baba anasema hiyo si kazi, ni mambo ya vikongwe. Wewe wasemaje?"

Sikumjibu upesi. Bibi yake huyo ndiye aliyenifundisha jambo moja ambalo chuoni nililisoma, lakini sikulishika. Leo naliandika hapa, ili na wewe ulijue.

KUCHUA NI NINI?

Kuchua ni kusugua, kubonyeza na kukanda misuli kwa mikono. Wengine husema kukanda. Mjini huitwa masaji.

Mwili wa mtu anayefanya kazi ngumu huchoka. Mvuvi anavuta nyavu usiku kucha, mabega yanakaza. Mama anabeba ndoo ya maji kichwani, shingo inauma. Mkulima anainama kuchuma pamba tangu asubuhi hadi jioni, kiuno kinakataa kunyooka. Misuli ikichuliwa vizuri hulegea. Maumivu hupungua na mtu hupata usingizi. Ndiyo maana hata timu kubwa za mpira zina mchua misuli wao.

Kwa hiyo kuchua kuna faida. Mimi mwenyewe zamani sikukubali.

BIBI NA DAFTARI LAKE

Nilifika kijiji hiki nikiwa nimetoka chuoni. Nilikuwa na cheti kipya na koti jeupe. Niliposikia kuwa yupo bibi anayechua watu, nilikasirika. Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji kuwa bibi huyo anachelewesha wagonjwa. Sikwenda kumwona wala kumwuliza anafanya nini.

Asubuhi moja bibi mwenyewe alikuja zahanati. Alifuatana na mkulima mmoja. Kwapani alibana daftari.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mtu. Huyu si wangu tena. Ni wako."

Mkulima yule nilimfahamu. Alikuwa amekuja kwangu mara tatu, analalamika mgongo. Kila mara nilimpa vidonge vya maumivu na kumwambia apumzike kulima.

Bibi alifungua daftari. Alijifunza kusoma na kuandika mwaka 1974, katika darasa la kisomo chini ya mwembe. Wakati ule kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilikuwa bado inazungumzwa vijijini. Tangu hapo hakuacha kuandika. Katika daftari lake kila mtu ana ukurasa wake. Anaandika tarehe, mahali panapouma, na alivyomchua.

Alinionyesha ukurasa wa mkulima yule. Alikuwa amemchua mara tano. Mahali panapouma ni pale pale.

"Msuli uliochoka huachia," bibi alisema. "Siku mbili, siku tatu, unaachia. Huyu haachii. Tena vidole vyangu vimekuta kitu. Weka mkono wako hapa."

Niliweka mkono. Katikati ya mgongo mfupa mmoja ulikuwa umetokeza kidogo.

Hapo ndipo nilipomwuliza maswali ambayo ilinipasa kuyauliza siku ya kwanza. Je, usiku unatoka jasho? Ndiyo. Je, umekonda? Alinionyesha mkanda wake wa suruali. Alikuwa ametoboa matundu mawili mapya. Je, miguu ina nguvu? Alisema siku hizi hujikwaa mahali ambapo hapana jiwe.

Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya siku ile ile. Huko walimpima, wakakuta ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ndugu, kifua kikuu hakikai katika mapafu tu. Huweza kula mifupa ya mgongo. Kisipotibiwa, mgongo hupinda na miguu huweza kupooza kabisa. Mkulima yule alimeza dawa miezi mingi, bila kulipa, kwa sababu dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Leo analima, ingawa habebi mizigo mizito.

Jioni ile nilifungua kitabu changu cha wagonjwa. Mkulima yule alikuwa katika kurasa tatu, mbali mbali, katikati ya mamia ya watu. Nilimwona mara tatu, na kila mara nilimwona kama mtu mpya. Na mgongo wake sikuugusa hata mara moja.

UKURASA ASIOPENDA KUUFUNGUA

Siku chache baadaye nilikwenda nyumbani kwa bibi kumshukuru. Alinipa kiti na uji. Kisha akaniambia kuwa katika daftari lake upo ukurasa mmoja asiopenda kuufungua.

Miaka mingi nyuma aliitwa kwa mama aliyejifungua siku nane zilizopita. Mguu mmoja wa mama yule ulivimba. Ulikuwa na joto, na nyama ya nyuma ya mguu ilikaza. Bibi aliuchua kwa mafuta, kama alivyofundishwa na mama yake. Usiku ule mama yule alianza kuhema kwa shida. Kifua kilimbana. Alifariki kabla gari halijapatikana.

Bibi aliniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Je, ni mikono yangu?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimweleza kuwa mwanamke aliyejifungua huweza kupata damu iliyoganda ndani ya mshipa wa mguu. Bonge lile huweza kung'oka, likaenda na damu mpaka kwenye mapafu na kuziba njia. Huweza kung'oka lenyewe, hata mguu usipoguswa. Lakini kuuchua mguu kama ule ni hatari kubwa.

Bibi alinyamaza muda mrefu. Kisha alisukuma daftari mbele yangu. Akasema, "Niandikie hapa ukurasa wa kwanza. Niandikie yote nisiyopaswa kuyagusa."

Haya ndiyo niliyomwandikia.

USICHUE MTU HUYU. MPELEKE ZAHANATI AU HOSPITALI.

1. Mwenye mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu. Hatari ni kubwa zaidi kama amejifungua karibuni, amepasuliwa, au amelala kitandani siku nyingi.

2. Aliyeanguka, na kiungo kimevimba au kimepinda. Huenda mfupa umevunjika. Usivute. Funga kiungo kwenye kipande cha ubao kisitikisike, kisha mpeleke.

3. Mwenye homa, hasa mtoto. Apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kumchua mtoto mwenye malaria ni kupoteza saa zake.

4. Mwenye jipu au uvimbe, au mahali penye kidonda au upele. Kubonyeza jipu huweza kusambaza usaha mwilini.

5. Mwanamke mjamzito, tumboni. Usilibonyeze tumbo wala kujaribu kumgeuza mtoto. Kondo la nyuma huweza kubanduka, mama akatokwa damu na mtoto akafa. Mama aende kliniki.

6. Mwenye tumbo lililoanza kuuma ghafla na kwa nguvu.

7. Mwenye mgongo unaouma zaidi ya wiki mbili, tena anakonda, anatoka jasho usiku, ana kinundu mgongoni, miguu inakufa ganzi, au hawezi kuzuia mkojo.

8. Mwenye maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea mkononi au tayani. Huenda moyo ni mgonjwa.

9. Aliyepooza ghafla upande mmoja, au mdomo umepinda. Hicho ni kiharusi. Aende hospitali saa ile ile. Baadaye, daktari akisharuhusu, mazoezi na kuchuliwa huweza kumsaidia.

MCHUAJI BORA HUFANYA HIVI

Kwanza, anauliza kabla ya kushika. Panauma wapi? Tangu lini? Uliumiaje? Una homa?

Pili, anakata kucha na kunawa mikono kwa maji na sabuni, kabla na baada ya kila mtu. Mafuta yake ni safi na yana kifuniko.

Tatu, anamheshimu anayechuliwa. Anamwomba ruhusa. Anafunua mahali panapochuliwa tu, na kwingine anafunika kwa kanga. Mtu akipenda ndugu yake awepo, akae. Akisema "basi", mchuaji anaacha.

Nne, anasikiliza mkono wake. Kuchua si kupigana. Maumivu yakizidi, anaacha.

Tano, anataja malipo kabla ya kazi. Hapo hapatakuwa na ugomvi.

Sita, anaandika. Mtu asiyepata nafuu baada ya kuchuliwa mara mbili au tatu, ampeleke zahanati.

NJIA ZA KUJIFUNZA

Sasa nirudi kwa yule msichana. Nilimwambia kuwa baba yake ana haki ya kuuliza, lakini kuchua ni kazi. Tena ni kazi iliyozaa taaluma kubwa.

Mwaka 1894, nchini Uingereza, wauguzi wanne walianzisha chama cha wachuaji waliofundishwa. Wakati ule jina la kazi hiyo lilikuwa limechafuka, kwa sababu wengine waliitumia kuficha umalaya. Wauguzi wale hawakuikimbia kazi yao. Waliweka mitihani. Waliweka na kanuni kwamba mgonjwa asichuliwe bila maagizo ya daktari. Chama chao kilikua, na leo ni chama cha wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi.

Nilimweleza kuwa zipo njia tatu.

Njia ya kwanza ni kujifunza kwa bibi yake na kuwahudumia watu kijijini. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili watoa tiba hizo. Anayetaka kutoa tiba kwa malipo aanze kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, kisha amwone mratibu wa tiba asili katika halmashauri. Ataelezwa inavyompasa kufanya.

Njia ya pili ni kusomea fiziotherapia. Chuo kilichopo KCMC, Moshi, kimefundisha taaluma hiyo kwa miaka mingi. Anayetaka njia hii anahitaji kufaulu masomo ya sayansi. Wataalamu hawa huwasaidia waliovunjika, waliopooza, na watoto wenye ulemavu wa viungo.

Njia ya tatu ni kufanya masaji mjini, katika hoteli na saluni. Hapo nilimwonya. Wapo waajiri waadilifu. Wapo pia wanaowaita wasichana kwa jina la masaji, kumbe wanataka jambo lingine. Kabla ya kusafiri, uliza mahali penyewe, uone mkataba, na umwambie mtu wa nyumbani unakokwenda. Ukiambiwa ufanye jambo lisilo masaji, ondoka. Kuondoka hapo si aibu.

Msichana alisikiliza yote. Alisema matokeo yake ya biolojia ni mazuri, lakini fizikia haikuwa nzuri. Anataka kurudia mtihani wa fizikia. Wakati akisubiri, atakaa na bibi yake na kujifunza.

Nilimwuliza, "Na baba?"

Akacheka. "Baba leo asubuhi ameshindwa kuinua jembe. Bibi amekataa kumchua. Amesema nimchue mimi."

"Ukamchua?"

"Nimemwuliza kwanza kama ana homa."

Ndugu msomaji, nilipomsikia nilijua kuwa ameanza vizuri. Mikono yenye nguvu wengi wanayo. Mchuaji hodari ni yule anayejua mwili wa kuushika na mwili wa kuuacha. Nasi wa zahanati tusiwadharau wenye mikono hiyo. Wao wakituletea wagonjwa mapema, nasi tukiwaeleza tulichokiona, watu wetu watapona.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kijiji chenu ni nani huchua watu? Je, yeye na mganga wa zahanati wanafahamiana?

2. Mama aliyejifungua wiki iliyopita ana mguu mmoja uliovimba. Ndugu zake wanataka achuliwe. Utawaambia nini?

3. Daftari la bibi lilisaidiaje kuokoa miguu ya mkulima? Wewe katika kazi yako unaweza kuandika nini?