Je, Wajua? Bahari Imechafuka, Mitungi Imebaki Ufukoni

Upepo wa kusi ukivuma kwa hasira, boti za kupiga mbizi kutoka Watamu hadi Mafia hukaa kwenye nanga, na wageni hukaa barazani wakinuna. Waache wanune. Sisi tuna ya kuwasimulia mpaka bahari itulie.

Dhoruba iliyotupa "kompyuta" ya miaka 2,000

Kifaa ambacho wengi hukiita kompyuta ya kwanza duniani kilipatikana kwa sababu wapiga mbizi walikwamishwa na upepo. Mwaka 1900, nahodha Dimitrios Kondos na watu wake, wachuma sifongo kutoka kisiwa cha Symi huko Ugiriki, walikumbwa na dhoruba wakajibanza kwenye kisiwa kidogo cha Antikythera. Upepo ulipopungua wakaona si vibaya kuchungulia kama chini kuna sifongo. Akashuka Elias Stadiatis, amevaa vazi la turubai na kofia ya shaba, zaidi ya mita 40. Inasimuliwa kwamba alipanda juu mbio, roho mkononi, akisema chini kumejaa maiti za watu na farasi. Kumbe ni sanamu! Zilikuwa shehena ya meli iliyozama katika karne ya kwanza kabla ya Kristo.

Pamoja na sanamu hizo, mwaka 1901 liliopolewa bonge la shaba lililoliwa na chumvi, ambalo hakuna aliyelijali sana. Ndani yake mlikuwa na magurudumu ya meno. 30 yamesalia hadi leo. Mashine hiyo ilikokotoa mienendo ya jua na mwezi na kutabiri kupatwa kwake. Iko Athens, kwenye Jumba la Taifa la Makumbusho ya Akiolojia. Siku ile bahari ingekuwa shwari, Kondos angepita zake.

Ukishuka, wimbi nalo linashuka

Mpiga mbizi hawezi kulikimbia wimbi kubwa kwa kuzama tu. Kwenye bahari ya kina, mawimbi yanayopishana kwa sekunde 10 yana mita 156 kutoka kilele hadi kilele, uwanja wa mpira mmoja na nusu, na msukosuko wake hufika chini kwa nusu ya urefu huo: mita 78. Wapiga mbizi wa kujiburudisha huishia mita 40! Ukiwa mita 18, maji bado yanakupeleka huku na kule kwa karibu nusu ya mwendo ulioko juu. Vijiwimbi vya sekunde 3, hata vikikupigia kelele namna gani, havifiki mita 8.

Kwa hiyo ukimwona nahodha amesimama ufukoni akitazama saa yake na bahari kwa zamu, hajachoka kukusubiri. Anahesabu sekunde.

Jua linawaka, dhoruba iko bara jingine

Mawimbi yanaweza kusafiri zaidi ya kilomita 10,000 bila kufa. Mwaka 1963 mwanasayansi Walter Munk na wenzake walipanga vituo vya kupimia kuanzia New Zealand hadi Alaska, wakayafuatilia mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za karibu na Antaktika yakiivuka Pasifiki nzima, na njiani yalipoteza nguvu kidogo mno. Mei 2007, visiwa vya Maldives vilifurikwa na mawimbi yaliyotoka bahari ya mbali, kusini mwa Afrika. Mgeni anayelalamika kwamba mbingu ni nyeupe na upepo hakuna, basi kwa nini boti haiondoki, anadaiwa na dhoruba ya wiki iliyopita ambayo hakuiona hata kwa mbali.

Papa hawasubiri taarifa ya habari

Mwaka 2001, dhoruba iitwayo Gabrielle ilipokaribia Florida, papa wachanga wa ghuba moja waliofungwa vifaa vya kutoa sauti waliondoka kuelekea maji ya kina kabla haijafika, kisha wakarudi siku chache baadaye kana kwamba hakuna kilichotokea. Watafiti waligundua kwamba waliondoka pale mgandamizo wa hewa ulipoanza kushuka.

Badiliko hilo ni dogo kiasi gani? Tufani Tip ya mwaka 1979 ndiyo yenye rekodi ya mgandamizo mdogo kuliko wote uliowahi kupimwa juu ya bahari: milibari 870, wakati wa kawaida ni 1,013. Tofauti hiyo ya kutisha mpiga mbizi huipata akishuka mita moja na nusu tu, wala haioni kuwa kitu. Gabrielle haikuwa hata karibu na Tip, na papa wale wadogo bado waliing'amua.

Wanaoishi chini nao hufukuzwa

Karibu na Florida Keys kuna nyumba ya utafiti iitwayo Aquarius, mita 19 chini ya maji, ambamo watu hulala na kuamka kwa siku nyingi. Oktoba 2011, NASA ilikuwa imepeleka wanaanga humo kwa mazoezi, ikabidi wayakatize kwa sababu ya tufani Rina. Tena hawakuweza kufungua mlango na kuelea juu: mkazi wa Aquarius huhitaji takriban saa 17 za kuitoa mwilini, polepole, gesi ya naitrojeni iliyojilimbikiza. Huko kukimbia tufani huanza mapema, anga likiwa bado halijaharibika.

Potwe hakuhama

Mafia ni maarufu kwa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na boti huwatafuta kuanzia Oktoba hadi Machi. Kusi ikiingia na masika yake, maji yanachafuka, potwe hawaonekani, na kwa miaka mingi iliaminika wamekwenda zao. Watafiti waliwafunga vifaa vya sauti, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba wengi wako hapo hapo mwaka mzima. Husogea tu nje kidogo, kwenye maji ya kina zaidi. Aliyeondoka ni mtalii.

Msitu uliofichuliwa na tufani

Inaaminika tufani Ivan ya mwaka 2004 iliparua mchanga karibu na pwani ya Alabama, Marekani, ikaacha wazi msitu wa misipresi wa zaidi ya miaka 40,000, mita 18 chini ya bahari. Visiki bado vimesimama, na ukikatwa, mti huo hutoa harufu ya mbao mbichi.

Siku ya mwisho haikuwa yako tangu mwanzo

Hata bahari ikiwa kioo, aliyepiga mbizi mara kadhaa hushauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa sababu ya naitrojeni ile ile ya wakazi wa Aquarius. Ukiwa na ndege ya asubuhi, basi mbizi yako ya mwisho ni ya juzi yake au jana yake mapema. Kwa hiyo ukipanga safari, ongeza siku mbili tatu za akiba, na nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze.