Usiidharau bahasha isiyo na stempu

JE, msomaji, ukiwekewa mezani bahasha mbili kuukuu uchague moja, utaichukua ipi? Ya kwanza ina stempu, picha ya manowari, na muhuri wa posta unaotaja jina la meli hiyo. Ya pili imechakaa, haina stempu hata moja, na muhuri wake hautaji meli wala bandari.

Bila shaka wengi wetu tutainyakua ya kwanza. Lakini wenye uraibu wa kukusanya bahasha za meli za kivita watakuambia usiharakishe.

Chukua mfano wa USS Indianapolis, manowari ya Marekani iliyoanza kazi rasmi Novemba 15, 1932. Tangu mwaka wa 1908, manowari za nchi hiyo zilikuwa na posta zao humo humo melini, pamoja na karani na muhuri wake. Mkusanyaji aliandika anwani yake mwenyewe kwenye bahasha, akabandika stempu ya senti tatu, kisha akaitia ndani ya bahasha nyingine na kumpelekea karani. Karani aliigonga muhuri na kuirudisha. Uraibu huo ulipendwa mno hata mwaka wa 1932 wahusika wakaunda chama, Universal Ship Cancellation Society, ambacho kingalipo.

Mwaka wa 1936, Rais Franklin Roosevelt, ambaye mwenyewe alikuwa mkusanyaji sugu wa stempu, alisafiri kwa Indianapolis hadi Amerika Kusini. Bahasha za miaka hiyo ya amani ni maridadi kweli kweli.

Kisha vita vikaja. Baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 7, 1941, majina ya meli yaliondolewa kwenye mihuri. Yalibaki maneno "U.S. Navy" na tarehe tu, kwani barua moja ikianguka mikononi mwa adui ingeweza kufichua meli iliko. Kuanzia Aprili 1942, wanajeshi waliruhusiwa kutuma barua bila malipo. Baharia aliandika neno "Free" pale ambapo stempu ingebandikwa. Afisa naye aliisoma barua, akafuta au kukata yasiyofaa kusemwa, kisha akaigonga bahasha muhuri wa ukaguzi.

Sasa utajuaje bahasha hiyo ilitoka meli gani? Tazama pembe ya juu, upande wa kushoto. Hapo baharia aliandika jina lake, cheo chake na meli yake. Ndiyo maana mtu akichukua makasi na kukata pembe hiyo, habari yote imepotea.

Na habari yenyewe si ndogo. Mnamo Julai 16, 1945, Indianapolis iliondoka San Francisco ikiwa na sehemu za bomu la atomiki, na mabaharia wake hawakujua wamebeba nini. Ilifikisha mzigo huo kisiwani Tinian Julai 26. Siku nne baadaye, muda mfupi baada ya saa sita usiku, nyambizi ya Japani iliipiga kwa topido, na kwa takriban dakika 12 ikazama. Kati ya watu 1,195 waliokuwamo, 316 pekee ndio walionusurika. Walielea baharini kwa siku kadhaa, huku kiu na papa wakiwamaliza, kabla ya rubani mmoja kuwaona kwa bahati tu Agosti 2.

Basi fikiria bahasha ya baharia huyo iliyogongwa muhuri mapema Julai 1945. Huenda ndiyo barua ya mwisho ambayo mamake aliipokea. Ile yenye picha iliagizwa na mkusanyaji aliyetaka muhuri. Hii iliandikwa na kijana aliyewakumbuka watu wa nyumbani.

Ukitaka kuanza uraibu huu, usiiloweke bahasha majini ili kubandua stempu. Usiandike chochote juu yake, usiitenganishe na barua iliyokuwamo, na uiweke mbali na jua na unyevu. Kabla ya kununua, linganisha tarehe ya muhuri na safari za meli, kwa maana walaghai hawakosekani.

Halafu, msomaji, lifungue lile sanduku la babu. Pengine alikuwa askari wa KAR aliyepelekwa Burma. Barua za wanajeshi wa Afrika Mashariki nazo zilipitia posta za kijeshi zilizotambulishwa kwa nambari badala ya jina la mahali. Ukikuta bahasha ya namna hiyo, imefifia na imekunjamana, usiitupe pamoja na takataka. Keti na wazee uwaulize ilitoka wapi, wangali wapo wa kukujibu.